Kabati la Mvunjambavu, Sehemu ya Tisa: Ngo ya Nne

Ngo ya nne umelala nayo wiki nzima, msomaji. Kitinda hakupewa wiki. Alipewa sekunde tatu.

Ngumi yake ilikuwa bado juu ya mkono wa kiti. Alikuwa amegonga mara tatu, kila moja mahali pake, kama muswada ulivyoagiza. Ya nne haikutoka kwake. Ilitoka kwenye kabati lililosimama mbele ya kamera, kabati ambalo asubuhi alilifunga kwa mkono wake mwenyewe likiwa halina hata kiroboto.

Na mama yake akaijibu.

"Leo wamekuja na mashemeji zao!" mama alisema, kwa sauti ile iliyowahi kujaza kumbi hadi kwenye madirisha.

Halafu akashika meza. Halafu meza ikamshinda, akaketi sakafuni.

"Kata!" Kitinda alipiga kelele. "Kata, kata! Mama!"

Kwa nini binti mtu mzima atetemeke kwa maneno matano? Kwa sababu hayakuwa kwenye muswada. Hayakuwahi kuandikwa popote. Yalisemwa mara moja tu tangu dunia iumbwe, miaka kumi na moja iliyopita, mbele ya ukumbi uliofurika, na aliyekuwa ndani ya kabati siku hiyo alitolewa akiwa maiti.

Kama umetukuta njiani leo, panda, nitakueleza tukiwa mbioni.

Marehemu ni baba yake Kitinda. Watu walimwita Mvunjambavu, na mbavu kweli zilivunjika. Ndiye aliyetunga kichekesho cha mume mwenye wivu anayejificha kabatini ili amfumanie mkewe. Mke ameiona ncha ya kiatu. Anageuza ufunguo kimyakimya, amtie adabu, kisha anampokea mgeni. Mgeni mwenyewe ni fundi cherehani tu, amekuja kushona suti ya siri ya huyo huyo mume. Mume anabisha. Fundi anauliza kuna nini. Mke anasema panya. Ngo tatu, mizaha mitatu, kisha mke anafungua, na mume anaporomoka sakafuni amevaa gauni la mkewe. Pazia.

Mama ndiye aliyekuwa mke, jukwaani na nyumbani. Siku ile ngo hazikukoma kwenye tatu. Zilifika tisa. Kila moja mama aliijibu kwa mzaha wa papo kwa papo, na ukumbi ukacheka mpaka watu wakashikana wasianguke. Alipofungua, mumewe aliporomoka kama kawaida. Watu walisimama kumpigia makofi. Yeye hakusimama.

Daktari alisema ni moyo. Mama hakusema kitu. Hakupanda tena jukwaani, mpaka huyu kitindamimba wake alipoamua kukigeuza kichekesho kile kuwa filamu, na akamwomba mama acheze mke kama zamani.

Mama alikubali. Si kwa mapenzi ya filamu. Alikubali kwa sababu ya swali lililokuwa likimla kama mchwa miaka yote hiyo: zile ngo, mume wangu alikuwa anaigiza, au alikuwa ananiita nami nikamjibu kwa mzaha?

Haya. Sasa uko nasi.

"Si kiti," alisema Sikio.

Sikio ndiye aliyenasa sauti, msichana mwembamba aliyeishi ndani ya hedifoni kiasi kwamba ukitaka kumsalimia lazima umguse bega. Sasa alikuwa amesimama, hedifoni bado masikioni.

"Dada, nakuapia. Ngo zako tatu zimetoka kushoto. Hizo ni za kiti. Hii ya nne imetoka mbele."

"Labda panya," alisema Jicho, mpigapicha, mtu mnene wa mwili na mwepesi wa maneno.

"Panya wa kilo ngapi?"

"Wa kilo zangu."

Siku nyingine wangecheka.

Kitinda alikwenda kwenye kabati. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Aliugeuza, akavuta.

Tupu. Viango vinne vya nguo, na harufu. Ile harufu, msomaji! Poda ya usoni aliyokuwa akijipaka baba yake kabla ya kupanda jukwaani. Miaka kumi na moja mlango umefungwa na kufunguliwa, mafundi wamelipiga msasa, wamelipaka rangi upya, na poda bado ilikuwa mle inangoja zamu yake.

"Funga!" mama alisema kutoka sakafuni.

"Mama, hamna mtu."

"Nimesema funga. Usimwache wazi watu wakimtazama."

Usimwache. Hakusema usiliache. Kitinda alisikia, akafunga.

Angeweza kuunda kabati jipya. Fundi seremala alimwomba aunde jipya. Lakini huyu alikuwa mtoto wa Mvunjambavu, kichwa kigumu kama nazi. Alitaka lile lile, na jeuri yake sasa ilikuwa imesimama mbele yake na milango miwili.

"Mwongozaji," Jicho aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone kitu."

Alikuwa ameirudisha picha nyuma kwenye kioo cha kamera. Kitinda aliinama.

Tangu asubuhi walikuwa wamepiga onyesho hilo mara saba, na mara zote saba mama alikuwa kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni. Alizoea kutupa maneno mpaka viti vya nyuma. Hapa kamera ilikuwa mkono mmoja kutoka puani pake. "Punguza, mama," Kitinda alimwambia. "Nipunguze nini, sauti au pua?" mama alimjibu. Baya zaidi, kila baada ya mzaha alisimama kidogo, kama alivyozoea, akingoja kicheko kipite. Kicheko hakikuja. Kwenye filamu anayecheka wakati kamera inakimbia anafukuzwa chumbani. Basi mama alisimama mbele ya kimya, akakingoja, akakingoja, na kila kimya kilimzeesha mwaka.

Lakini mara ya nane! Ngo ya nne inalia, na uso wa mama kwenye kioo unafanya kitu ambacho hakuna mwongozaji anayeweza kukiomba. Mdomo unatabasamu. Macho yanakwenda kaburini. Mdomo na macho vinavutana, na wewe unayetazama hujui ucheke au ukimbie.

Jukwaani watu waliliona kabati. Hapa wangeuona uso.

"Hii ni dhahabu," Jicho alinong'ona.

"Nyamaza," alisema Kitinda. Lakini hakuondoa macho kwenye kioo.

Sikio akamgusa bega. Alikuwa ameisikiliza ngo ile mara sita.

"Dada, mlango wa mbele ni mbao nzito. Ukiubisha unasema ngo. Hii inasema ko. Mbao nyembamba. Imebishwa kutoka nyuma."

"Nyuma kuna ukuta."

"Nyuma kuna ubao," alisema mama.

Wote wakageuka. Mama alikuwa ameshasimama, amejishikiza kwenye meza.

"Kabati la vichekesho lina mlango wa siri nyuma," alisema. "Ulidhani baba yako alivaa gauni saa ngapi? Alitoka kwa nyuma, akavalishwa, akarudi ndani. Wewe kwenye filamu yako umekata tu: hapa ana suti, hapa ana gauni. Ukausahau ubao."

Kweli. Kitinda alikuwa ameufuta ubao ule kwenye muswada kwa mstari mmoja wa kalamu. Filamu haiuhitaji. Alikuwa amejisifu hata siku ile: nimeokoa dakika mbili.

Alizunguka nyuma ya kuta za mbao, akaruka nyaya, akafika.

Na pale, juu ya kopo la rangi lililofunikwa, alikuwa ameketi mzee. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia, kama mtu anayemkalia kuku asitoroke.

"Baba mdogo!"

Ndiye Mzee Pazia. Hakuwa ndugu wa damu, lakini Kitinda hakuwahi kumwita vingine. Rafiki wa chanda na pete wa marehemu, mvutaji wa mapazia ya kikundi tangu kikundi kilipoanza. Kitinda alimpa kazi ya kutunza vyombo vya zamani, kwa heshima tu.

"Wewe ndiye uliyebisha?"

"Mkono umebisha."

"Mkono wa nani?"

"Wangu, mwanangu. Lakini sikuutuma. Mara saba leo nimeukalia, ya nane ukanitoroka."

"Unamtania mama? Mtu mzima na mvi zako? Mama ameanguka kule!"

"Nimesikia." Mzee alikuwa akilia bila kelele, machozi yanafuata mikunjo ya uso kama yameijua njia zamani. "Onyesho likifika pale, ya tatu ikipita, pakawa kimya, mkono unapanda wenyewe. Nyumbani unapanda. Redioni wakiweka vichekesho, unapanda, unabisha meza. Mke wangu alidhani ni ugonjwa."

"Na si ugonjwa?"

"Mwache aseme," ilisema sauti nyuma ya Kitinda. Mama alikuwa amezunguka, kiganja ukutani.

"Shemeji, rudi ukapumzike."

"Nimepumzika miaka kumi na moja. Sema."

La kuvunda halina ubani, nalo hili lilikuwa limevunda muda mrefu. Mzee Pazia alitazama juu, alitazama chini, hakupata pa kupitia.

"Ile ya nne, siku ile," alisema, "ni mimi."



"Ya tano?" aliuliza mama.

"Mimi."

"Ya sita?"

"Shemeji, jamani..."

"Nihesabie!"

"Mpaka ya tisa. Zote mimi. Nilikuwa hapa nyuma, nabisha huu ubao."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanacheka."

Alilisema kama mtu anavyosema mvua ilikuwa inanyesha.

"Unakumbuka mumeo alichoandika ukutani kwa chokaa, kwa mkono wake? Kicheko hakikatwi. Ukikata kicheko unafagia ukumbi mwezi mzima. Umeme ukizimika, cheza gizani. Jukwaa likibomoka, cheza shimoni. Mimi nilimwona mwenyewe akicheza na jino limeoza, anameza damu, watu wanadhani anameza mate ya uoga. Ndivyo alivyotulea. Siku ile kicheko kilikuwa kimepanda kuliko siku zote, kisha nikaona kinapoa. Nikabisha. Ukajibu. Kikapanda. Nikabisha tena."

Kitinda aliutafuta ukuta kwa mgongo. Mama yake hakutafuta kitu. Alikuwa amesimama wima kama msumari.

"Na ya tatu?" alisema.

Mzee aliukalia mkono wake kwa nguvu zaidi.

"Shemeji. Nimekuuliza ya tatu. Ya tatu ni yake, imeandikwa kwenye mchezo. Nani alibisha ya tatu?"

 Nje ya ghala walimokuwa wakipiga filamu gari lilipita na tangazo la kitu fulani, likapungua, likaisha.

"Mimi," alisema mwishowe. "Baada ya ya pili aligonga huku kwangu. Kwa ukucha. Nikafungua ubao kidogo. Jasho lilikuwa limemfuta poda yote. Akaniambia, 'Nitoe, kifua.' Maneno mawili."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia..." Mkono ulichomoka chini ya paja lake, akaudaka kwa ule mwingine. "Nikamwambia, 'Bado, wanacheka.' Nikarudisha ubao. Nikatia komeo."

"Ukatia komeo!" Kitinda alipiga ukelele. "Baba mdogo, ukatia komeo?"

"Nilidhani anatania! Huyo mtu hakuweza kuomba maji ya kunywa bila kutania! Siku ya harusi yake alizimia mbele za watu, tukammwagia ndoo nzima, kumbe anatuchezea! Ningejuaje, mwanangu? Niambie, ningejuaje?"



"Ya pili," mama alisema taratibu. "Nataka unisikilize vizuri. Ya pili, nani?"

"Yeye. Hiyo ni yake, shemeji, nakuapia kwa wanangu. Ngo nzima, ya mtu mwenye nguvu zake. Alikuwa anaigiza. Hakukuita wewe." Mzee aliinua uso. "Aliniita mimi."

Hapo ndipo ungedhani mama angelia. Mimi ningelia. Kamba ya miaka kumi na moja imekatwa shingoni mwako, si unaanguka tu?

Hakuanguka.

"Kwangu sina kabati," alisema. "Kitinda anajua. Nguo natundika misumarini kama mtu aliyehamia jana. Mtu akibisha mlango wangu, simjibu mpaka aite jina langu. Majirani wanasema nina maringo. Sikuwa na maringo. Nilikuwa naogopa kujibu ngo."

"Shemeji..."

"Ulikuja msibani. Ukanishika kwa mkono huo huo. Ukasema, 'Shemeji, usijilaumu.'"

"Nilikuambia kweli."

"Uliniambia nusu. Ile nusu nyingine ukaondoka nayo, ukalala nayo kwako, na mimi ukaniachia kaburi."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Kitinda aligeukia kamera. "Tunafunga kazi. Jicho! Zima. Leo basi."

"Nani amesema?" aliuliza mama.

"Mama, hatuwezi kuendelea na..."

"Wewe umenitoa nyumbani nije kuigiza. Nimeshindwa mara saba mbele ya watoto hawa, na najua walikuwa wananionea huruma. Unajua kwa nini nimeshindwa? Naongea na kabati tupu. Mnaniambia sauti mtaiweka baadaye, mtu mtamweka baadaye, kicheko mtakiweka baadaye. Mke hafanyi mzaha na kabati, mwanangu. Anafanya mzaha na mtu. Kabati la kichekesho lina mtu ndani."

Akamgeukia mzee. Akamwambia kwa upole kabisa, kama anamkaribisha chai:

"Ingia, shemeji."

Hapa, msomaji, ndipo mtoto wa watu angesema hapana. Kitinda alikuwa na mdomo. Alikuwa mwongozaji, pale ndani hata taa haikuwaka bila neno lake. Alimtazama mzee mwenye machozi. Alimtazama mama.

Akaukumbuka ule uso kwenye kioo.

"Mara moja tu," alisema.

"Dada," Sikio alimvuta mkono, "mzee ana zaidi ya sabini."

"Mara moja, Sikio. Weka kipaza sauti kidogo ndani, umsikie. Akichoka utaniambia."

"Acha niingie," alisema Mzee Pazia mwenyewe. Alikuwa ameshainuka kwenye kopo. "Acha. Ni haki yake."

Aliingia kwa mlango wa mbele, kitako kwanza, kama mtu anayeingia shimoni. Magoti yalimfika kidevuni. Kabla mlango haujafungwa alivuta pumzi puani, na macho yakamtoka. Alikuwa ameisikia ile poda.

Mama akageuza ufunguo. Akautia kifuani, ndani ya nguo. Kisha akazunguka nyuma. Wote walisikia komeo likipita mahali pake, kra.

"Mama, kwa nini komeo?"

"Siku ile lilikuwa limetiwa. Au hutaki iwe kweli?"

Akarudi, akasimama kwenye alama yake. Akajipangusa uso kwa viganja, na alipoviondoa, mjane hakuwapo. Alikuwapo mke mtundu wa miaka thelathini na mbili, mtego wake umenasa.

"Kamera?" Kitinda aliuliza.

"Inakimbia."

"Sauti?"

"Inakimbia," alisema Sikio, mkono mmoja umebana hedifoni. "Namsikia anahema."

"Haya, anza."

Aliyecheza fundi cherehani alikwisha kupigwa picha upande wake jana, akaenda zake. Kitinda ndiye aliyesoma maneno ya fundi, ameketi ubavuni mwa kamera.

"Bibi, nipe urefu wa mkono wa bwana."

"Mrefu. Unafika kila pasipouhusu."

Ngo!

"Kuna nini humo?"

"Panya."

Alilisema kwa sauti ndogo, karibu ya siri. Hakusimama kungoja kicheko. Jicho alijing'ata mkono wa shati.

Ngo!

"Bibi, panya anabisha hodi?"

"Wa nyumba hii wana adabu, fundi. Hata jibini wanaomba kwanza."

Mabega ya Jicho yalitikisika. Sikio, pamoja na uoga wake wote, alifumba macho na midomo ikampasuka pembeni. Ilikuwa inachekesha! Huo ndio ubaya wake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kichekesho cha Mvunjambavu kilikuwa hai, kinapumua, kina damu usoni.

Ngo!

"Huyu sasa anataka kuingia au kutoka?"

"Wa kiume huyo, fundi. Lini wamejua?"

Muswada unasema: MKE ANAFUNGUA.

Mke hakufungua.

Aliketi. Akavuta kitambaa cha suti magotini, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, bila haraka. Haikuandikwa hivyo. Kitinda alisogea mbele kitini.

Ngo.

Ya nne. Hakuna aliyempangia mzee ya nne.

"Leo wamekuja na mashemeji zao," alisema mke, na akatabasamu kabatini.

Jicho alikuwa anatokwa machozi, kamera ameishika kwa mikono miwili isitikisike. Kitinda naye alihisi kicheko kinampanda kifuani, moto, cha kwao, cha kurithi. Alikimeza. Aliangalia Sikio.

Sikio hakuwa anacheka tena. Aliinua vidole viwili, akavikaribianisha: pumzi fupi.

Ko.

Ya tano. Ndogo. Si ngumi. Na si mlangoni. Ilikuwa nyuma.

"Bibi," Kitinda alisema, sauti yake au ya fundi, mwenyewe hakujua, "nadhani ulifungue sasa."

"Tulia, fundi. Mgeni mwema hafunguliwi mara ya kwanza."

Jicho aliguna kwa kicheko kilichomponyoka puani.

Kisha wakangoja ya sita.

Taa zilivuma. Kitambaa kilikunjwa, kikakunjuliwa, kikakunjwa. Ya sita haikuja. Sikio alivua upande mmoja wa hedifoni, akauvaa tena, akaubana kwa nguvu kama anataka kupenya ndani yake. Midomo yake ilisema bila sauti, taratibu, ili Kitinda asome:

"Dada. Simsikii."

Mama aliacha kukunja. Aligeuza uso, akaliacha kabati mgongoni mwake, akamtazama Kitinda. Si fundi. Kitinda. Lakini sauti ilikuwa bado ya mke mtundu, tamu, nyepesi, ya kumaliza mchezo:

"Haya, fundi. Nifungue? Au bado tunacheka?"

Liko neno moja ambalo jukwaa halina na filamu inalo: kata. Kitinda alikuwa amelipiga kelele asubuhi nzima. Ulimi wake ulilijua kuliko jina lake. Alifungua mdomo alitoe.

Lakini kwanza, Mungu amsamehe, aliinamisha macho akaangalia kwenye kioo kama picha bado imekaa sawa.

Ilikuwa imekaa. Haijawahi kukaa vizuri hivyo.